Dabe na Mishale ya Uazuva

Mara ya kwanza Uazuva alipomwendea Dabe kutaka nyama, alimkuta amejinyoosha kivulini mwa kibanda chake cha nyasi. Mishale ilikuwa imetundikwa, na huko mbugani dondoro, wale swala wadogo, walizurura kama mbuzi waliokosa mchungaji.

"Dabe, unaumwa?"

"Napumzika, mama. Nimeua dondoro watatu mfululizo, watu wameanza kuniangalia vibaya na kunitukana, nisije nikajivuna."

Uazuva, Mherero mwenye ng'ombe wachache na punda wawili, alikuwa akiwauzia watu wa kambi ile ya wawindaji chumvi na tumbaku. Mjini nyama kavu ya dondoro ilikuwa na wateja, na lori lingepita mwisho wa mwezi. Alitaka kulijaza. Alijua pia sheria ya Kalahari: nyama si ya aliyelenga, ni ya mwenye mshale. Basi akafua vichwa vitano vya mishale kwa waya wa uzio, akampa Dabe.

"Nyama itakuwa ya nani?"

"Yako, mama."

"Yote?"

"Yote."

Hakuuliza zaidi. Mfanyabiashara akisikia "yako" hudhani ameshaelezwa kila kitu.

Kesho yake Dabe aliamka na jua. Dondoro akihisi mtu hulala chini kama jiwe, akitumaini hajaonekana. Dabe naye hupita kando kama asiyemwona, akipinda kidogo kidogo, hadi karibu. Mshale mmoja wenye sumu iliyokamuliwa kwa funza wa mbawakawa, kisha kufuata nyayo bila haraka. Jioni alimtua mnyama mbele ya kibanda cha Uazuva, akaenda kukaa mbali kabisa.

Kambi nzima ikaja. Uazuva alikuwa ameanza kukata vipande vya kukausha.

"Unakata kamba za viatu?" akauliza bibi Bau, mama mkwe wa Dabe. "Na huyu ni mnyama, au sungura aliyekosa chakula? Umetutoa kote kule kwa mifupa hii?"

"Bibi, mwenye nyama ni mimi!"

"Ndiyo maana tumekuja kwako. Twende kwa nani mwingine?"

Uazuva akagawa. Paja kwa wakwe wa Dabe, mbavu kwa mashemeji zake, na wote wakaondoka wakinung'unika kwamba ni kidogo. Yeye akabaki na shingo.

"Ulisema yote ni yangu!" akamfokea Dabe.

"Ni yako, mama. Na kugawa ni juu yako."

Dondoro wa pili, Uazuva alificha mguu mmoja ndani ya gunia. Kulipokucha wachungaji wa ng'ombe wake, ambao ni mashemeji wawili wa Dabe, waliamka wakiumwa mgongo, wote kwa pamoja. Fisi walikuwa karibu, na ng'ombe hawakuwa na wa kuwalinda. Kabla ya adhuhuri mguu ulitoka guniani, na migongo ikapona.

Lori lilipofika, Dabe alikuwa ameua saba. Uazuva alipakia ngozi saba, ambazo hakuna aliyezigombea, zikamrudishia gunia moja la unga. Waya, chumvi na usingizi wake vilikwenda bure.

Dabe alikula fungu lake kama siku zote. Ila kwa mwezi mzima hakuna aliyemtukana. Matusi yote yalikwenda kwa mwenye mshale, na asubuhi ya lori Dabe aliulizia kwa upole kama ule waya umebaki wa kufua mishale mingine.

"Umebaki," alisema Uazuva. "Nimefunga nao zizi."