Bendera ya Waziri Baharini

Siku ya kwanza kazini sikupewa brashi, nilipewa sandpepa. Karakana yetu ilikuwa juu ya duka la vitambaa, karibu na Adams Arcade, na tulichora kitu kimoja tu: mashua za mashindano, zile nyembamba zenye matanga makubwa, zikikimbizana baharini. Wanunuzi walikuwa mahoteli, mawakili wa mjini, na wazee waliowahi kushindana nazo. Mimi nilikuwa nimeishia darasa la nane, na bahari sijawahi kuiona. Fundi Mkuu mwenyewe alikuwa ameenda Mombasa mara moja, tena kwa harusi.

Vijana huniuliza tulifanyaje kazi. Naogopa nitaeleza vibaya, lakini nitajaribu. Picha moja ilipita mikono mingi. Wa kwanza alisugua kanvasi na kuipaka rangi ya msingi ili isinywe mafuta. Halafu alikuja mtu wa Anga, kisha mtu wa Maji, na mwisho mtu wa Matanga, ambaye alichora mashua yenyewe, kamba zake na bendera. Nawe mfanyakazi, kadiri ulivyojifunza, ulihamishwa kituo hadi kituo kama polisi. Na kwa kuwa upepo ni mmoja na wachoraji ni watatu, kila asubuhi Msimamizi alichora mshale wa chaki juu ya fremu na kuuliza kwa sauti, "Upepo leo unaenda wapi?" Sote tuliitikia, kushoto ama kulia. Mawingu, mawimbi na matanga yote yalifuata mshale huo.

Kituo cha Maji ndicho kilinitesa. Msimamizi alikuwa anasimama nyuma yangu.

"Mwikali, hii ni bahari ama ni supu ya sukuma wiki?"

"Ni bahari, Msimamizi."

"Basi ongeza chumvi."

Alikuwa na mdomo, lakini nisimwonee. Ni yeye aliyenionyesha kwamba povu halipakwi nyeupe tupu, linatiwa kijivu kidogo upande wa kivuli. Bila yeye labda ningekuwa bado napika supu.

Kisha mtu wa Matanga akarudi kwao kulima, na Fundi Mkuu akaniita. "Nakupa picha moja. Mteja akiikubali, kiti ni chako. Akiikataa, unarudi Maji na natafuta mtu wa nje." Nilikitaka kile kiti kuliko ninavyoweza kusema, kwa sababu mtu wa Matanga peke yake ndiye aliyeandika jina lake kwenye pembe ya picha. Sisi wengine tulikuwa mikono tu.

Mteja alikuwa daktari mstaafu aliyeishi mtaa wa Mountain View. Alitaka mashua ya ujana wake, upepo ukitoka nyuma kabisa, na lile tanga la mbele linalovimba ambalo sisi tuliliita Tumbo. Hakuwa na picha yake. Alieleza kwa maneno na mikono. Nilichora, Msimamizi akaangalia, Fundi Mkuu akaangalia, wote wakasema safi. Rangi ilipokauka, Daktari akaja. Aliitazama kwa muda, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Mama, hii bendera uliiona wapi?"

"Kwa gari ya waziri, Daktari. Hapo mjini, ikipita."

"Ndio maana inapepea ikirudi nyuma! Gari ya waziri iko na injini, inashinda upepo mbio. Mashua yangu inasukumwa na huo upepo. Itaupita aje? Bendera inaenda mbele, na tanga pia."

Mshale wa chaki ulikuwa pale juu ukielekea mbele, bendera chini yake ikielekea nyuma, na karakana nzima hatukuwa tumeona. Bendera zetu zote tulizijua barabarani. Nilianza kukusanya brashi zangu. Fundi Mkuu akasema, "Daktari, hata mimi niliipitisha. Tupe mpaka Ijumaa." Daktari akakubali.

Fundi Mkuu akanipa leso, akanituma uwanja wa magari, naye akabaki dirishani. "Upepo uwe mgongoni! Kimbia!" Nikakimbia, na leso ikaning'inia tu. Askari wa geti akaita, "Mathe, unakimbizwa na nani?"

"Tembea!" Fundi Mkuu akapiga kelele. "Wewe huna injini!"

Nikatembea. Leso ikaja mbele, ikanifunika uso. Nikapanda juu nikicheka, nikaifunika bendera ya kwanza kwa rangi ya anga na kuchora nyingine, ikienda mbele. Ijumaa Daktari aliitazama akasema, "Sasa tunaenda." Fundi Mkuu akanikabidhi brashi ndogo kabisa. Niliandika jina langu haraka, kabla hajabadili mawazo. Ile K imepinda mpaka leo.

Sasa nimestaafu. Waliobaki huchora wakiangalia picha kwa simu, na kusema kweli kamba zao ni sahihi kuliko zetu. Lakini miaka yote hiyo nilikuwa najiuliza kama kile kiti nilikipata kwa kazi au kwa huruma.

Juzi binti yake Daktari aliniita Mountain View nisafishe picha ile. Rangi ya mafuta ikizeeka hupitisha mwanga, na kilicho chini huanza kuonekana. Chini ya anga yangu bendera ya kwanza ilikuwa imetokea, hafifu, ikipepea kurudi nyuma. Mashua moja, bendera mbili. Nilihisi aibu ileile, nikafungua kisanduku cha rangi niifunike tena.

"Usiiguse," Daktari akasema kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Lakini imekosea, Daktari."

"Najua. Nimeiangalia ikitokea kidogo kidogo. Picha za mashua ziko nyingi, Mwikali. Hii naijua ilichorwa na nani hata kabla sijafika kwa hiyo K yako." Akacheka, akakohoa. "Wacha waziri apite."

Nikafunga kisanduku. Nikachukua kitambaa laini, nikafuta vumbi kwenye bendera zote mbili.