Jirani Nyuma ya Mabati

Gita langu lina nyuzi kumi na mbili, na joto la mtaa wetu wa Nyalenda huzilegeza zote. Kila jioni nikikaa kuzikaza, mama jirani hugonga ukuta wa mabati unaotutenganisha na kupaza sauti: "Bado!" Uzi ukikaa sawa, hunyamaza. Aliniudhi kweli. Nani alimwomba?

Kisha akaenda matanga huko Katito, wiki nzima. Nikazikaza nyuzi kwa programu ya simu inayopima sauti, nayo ikakubali kila uzi. Gita lilikuwa sawa kabisa, lakini sikuwa na hamu ya kulipiga.

Jumapili jioni nikamsikia akifungua kufuli yake. Nikalegeza uzi mmoja makusudi, nikaupiga.

Mabati yakagongwa. "Bado!"

"Asante, Mama," nikajibu. "Karibu nyumbani."