Tiketi Isiyo na Kiti

Juzi, katika ofisi ya tiketi hapa Galbet, niliona mama mmoja akipimiwa begi kwa mizani ya ndoano, ile ya buchani, nikakumbuka siku ile ya utotoni.

Wiki moja baada ya kumzika mama yetu, habaryar wetu, mdogo wake mama, alikuja kumkatia mdogo wangu Hodan tiketi ya kwenda naye ng'ambo. Hodan alikuwa bado mchanga, akinukia maziwa na uvumba. Mimi, kifungua mimba, nilimbeba. Begi lake lilining'inizwa, ndoano ikalia kwii.

"Tiketi ya huyu ni rahisi," alisema mkata tiketi. "Hana kiti."

Nilijua asiye na kiti hupakiwa na mizigo, kama mbuzi kwenye lori.

"Msimtundike!" nililia, nikimkumbatia hadi naye akalia.

"Wallahi, huyu ataniua kwa kicheko!" alisema mkata tiketi.

"Abaayo, dada yangu, nyamaza," alisema habaryar. "Nitampakata safari nzima."

Hofu ilinitoka. Nilimkabidhi Hodan kwa mikono yangu mwenyewe, nikamfunika vizuri.

Sikuuliza kama tiketi ilikuwa ya kwenda na kurudi.