Jiwe la Maziwa la Bibi Garifalia

Bibi yangu Garifalia aliosha vigae kwa miaka kumi na tisa. Ndiyo kazi aliyopewa pale lilipochimbwa jumba la kale, nusu saa kwa miguu kutoka kijijini kwetu: anakaa kwenye kigoda, karai la maji mbele yake, analetewa vipande vya vyungu kutoka ardhini, anavisugua kwa brashi. Alisema hajapata kuona watu wanaovunja vyombo kama hao Wakrete wa zamani wa kisiwa hiki chetu. Wake zao aliwahurumia.

Msimamizi wake, Bwana Miltiadis, alikuwa msomi wa mjini, mpole, asiyejua kula konokono bila kujichafua. Alitafuta kitu kimoja tu: ushahidi wa yule mtu mwenye kichwa cha fahali ambaye hadithi inasema mfalme alimfungia katika jumba la vichochoro, akawa anamlisha vijana. Wenzake walimcheka. Walimwambia hadithi hiyo ilibuniwa na Wagiriki wa bara, baadaye sana.

Siku moja mama alimpelekea bibi chakula cha mchana, amenibeba, nina wiki tatu. Nikalia, akatoa ziwa. Bwana Miltiadis akageuza uso kwa adabu, kisha akaurudisha bila adabu. Kwenye uzi mwekundu kifuani kwa mama lilining'inia jiwe jeupe, dogo kama harage, limechongwa mtu anayekimbia. Miguu ya binadamu, kichwa cha fahali.

"Bibi! Hili mmelipata wapi?"

"Kwa mama mkwe wangu. Na yeye kwa mama mkwe wake."

"Lina miaka zaidi ya elfu tatu!"

"Ndiyo maana linafanya kazi."

Kazi yenyewe kila mwanamke kwetu anaijua. Jiwe likikaa mbele, maziwa yanakuja. Mtoto akiachishwa, linageuzwa mgongoni, yanakauka. Kabla yangu mama alizika watoto wawili kwa kukosa maziwa, jiwe likiwa limeazimwa kijiji cha pili. Bibi ndiye aliyeliazimisha. Hakujisamehe mpaka anakufa.

"Lakini huyu ni fahali, bibi. Fahali hatoi maziwa."

"Huyu anatoa. Mwangalie mtoto mashavu yake."

Akaomba alichukue kwa siku moja tu, apige chapa yake kwenye nta, awaonyeshe wenzake.

"Nta itanyonya maziwa yote," bibi akasema. "Ngoja mtoto aachishwe, nitakupa. Nimeahidi."

Akangoja. Nilipotimiza miaka miwili alikuja na kisanduku chenye pamba. Mama alikuwa na mimba ya Manousos. Alipokuja tena, mama alikuwa na mimba ya Despina. Mara ya tatu aliuliza, kwa heshima zote, kama baba yangu hana kazi nyingine.

"Mizeituni huvunwa miezi mitatu tu, mwanangu," bibi akamjibu.

Tulizaliwa sita. Bwana Miltiadis akaota mvi, na wenzake wakachoka hata kumcheka. Hatimaye mama akasema basi. Bibi akalivua jiwe shingoni mwa mama, akaliweka mezani limngoje Bwana Miltiadis, kwani ahadi ni deni. Siku ya tatu mlango ukabishwa hodi. Alikuwa yeye, ila safari hii hakuja na kisanduku.

"Binti yangu amejifungua," alisema. "Leo siku ya nne. Hana hata tone." Alikuwa anatazama sakafu. "Mimi siamini mambo haya, bibi."

"Nani amekuuliza?"

Bibi akamvalisha uzi kwa mikono yake, akalisukuma jiwe nyuma, chini ya koti.

"Likae mgongoni mpaka ufike. Yasije yakakutoka wewe."

Akaenda mjini hivyo hivyo, msomi mzima, amenyooka, na sijui kama alithubutu kulisogeza.

Alirudi baada ya miaka miwili, amekishika mkono kitoto cha kike kinene, kinatafuna mkate. Akalivua jiwe, akaliweka mezani.

"Na chapa? Ulipiga?" bibi akauliza.

"Sikupiga."

"Miaka miwili unalo nyumbani kwako, na hukupiga?"

"Mtoto alikuwa ananyonya, bibi," alisema, kama mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi.

Nilimpenda sana mtu yule siku ile, na nadhani bibi pia. Akainuka, akachukua mshumaa wa kanisani chini ya picha takatifu ya Bikira, akauwasha, akamsogezea.

"Haya, yeyusha nta. Leo hanyonyi mtu."