Yule Anayeuliza Kwenye Daraja la Sebeya

Usije kuniambia kwamba ulikuwa ukungu, au kwamba njaa ndiyo iliyonionyesha vitu. Nimeshaambiwa hayo yote. Nimesoma sekondari, sikuwa mtu wa mizimu. Lakini nilimwona saa tisa mchana, na alinisemesha mara tatu.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, wakati magari yalikuwa yanaogopa kupanda kwetu Nyakiriba kwa sababu ya vita vya porini. Mume wangu alikuwa Goma akitafuta kazi. Mimi niliachwa kwa mama yake na binti yetu Keza, wa miezi saba. Siku ya tatu ya homa, Keza akaanza kupumua kama mtu aliyepanda mlima. Nikasema nashuka kwa muganga wa dispansari.

"Ni meno hayo, Mama Keza," mama mkwe akasema. "Nyinyi wasichana wa mjini, mtoto akikohoa tu, mbio kwa muganga! Mimi nimelea tisa, na sikukanyaga shule."

Nikamwinua Keza kitandani. Mvua ilikuwa inakuja, donc alinifungia mtoto mgongoni yeye mwenyewe: kitenge, blanketi, na juu yake shitingi ya plastiki, mpaka kichwani. Kisha akanishika mkono. "Ukifika darajani, akikuuliza, sema 'analala', upite. Usisimame. Usimfungue mtoto hapo. Ukimfungua, anamchukua."

Kila mwanamke wa huko anamjua huyo. Alikuwa mchuuzi wa vitenge kutoka Goma, zamani, akishuka na mtoto mgonjwa mgongoni. Watu njiani walimuuliza mtoto anaendeleaje, naye akawa anajibu kwa Kiswahili chake: analala. Kwenye daraja ndipo alipogundua kwamba si usingizi. Akaingia mtoni na kitenge chake. Sisi pale wote tunaongea Kinyarwanda, kwa hiyo ukisikia Kiswahili kwenye lile daraja, ujue ni yeye.

Keza alilia mpaka katikati ya njia, halafu akanyamaza. Na mimi nikafurahi! Unasikia? Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nikasema bon, mtoto amepata usingizi.

Mvua ikanikuta darajani. Mbao zilikuwa zinateleza, nikawa natazama miguu yangu, na nilipoinua macho mwanamke alikuwa anatembea kando yangu. Amelowa. Kifuani amefunga fundo la kitenge cha kubebea mtoto, lakini mgongoni kile kitenge kilikuwa bapa, hakuna kitu ndani. Mbao zililia chini ya miguu yangu tu.

"Mama, mutoto analala?"

Niamini, haikuwa sauti ya kutisha. Ilikuwa sauti ya jirani.

"Analala," nikasema, nikaongeza mwendo.

"Tangu saa ngapi?"

Nikazidi kwenda. Hilo swali hakuna aliyenifundisha jibu lake.

"Mufungue, mama. Mufungue umuangalie. Mi pia nilisema analala."

Wewe ungefanya nini? Mimi nilishika fundo kwa mikono yote miwili, nikakimbia. Nilikimbia na masomo yangu yote kichwani, nikifikiri namwokoa mtoto wangu. Hakunifuata. Nilimsikia nyuma analia tu, vile mama anavyolia, na hata hapo sikusimama.

Kwenye dispansari, muuguzi, dada wa rika langu, akafungua shitingi, akafungua blanketi, halafu mikono yake ikaanza kwenda polepole. Akaweka sikio kifuani. Akabonyeza kile kifua kidogo kwa vidole viwili, muda mrefu.

"Yebaba we," akasema. "Bado ana joto. Amenyamaza tangu saa ngapi, mama?"

Sikujua. Mtoto yuko mgongoni mwangu, na mimi sikujua.

Bado ana joto. Kutoka darajani mpaka dispansari ni mwendo wa nusu saa. Hesabu wewe kama darajani alikuwa bado anapumua, mimi naihesabu kila siku.

Kijijini wakasema nilisimama, nikamfungua, mzimu ukamchukua. Mama mkwe ndiye aliyesema wa kwanza, pale pale kwenye kilio, mbele ya watu waliokuja kunipa pole. Nikamwambia, "Mama, sikumfungua! Nilikutii!" Akanitazama. Akajifunika uso kwa kitenge. Sijui kama alielewa. Sikukaa kumuuliza, nilirudi mjini kwa mama yangu, na mume wangu akanifuata huko.

Nimeenda tena kwenye lile daraja, si mara moja, kwenye mvua. Nilitaka kumwomba msamaha. Hakutokea.

Sasa nina mvulana, bado ananyonya. Usiku namwamsha mara nne, mara tano. Akikunja uso akakasirika, ndipo napumua. Baba yake ananiambia, "Mwache mutoto alale." Hilo neno nimelikataza nyumbani kwangu. Tumegombana kwa ajili yake mpaka majirani wakagonga mlango.

Na huko juu bado wanawafundisha wasichana wanaoolewa: sema analala, upite. Inanikasirisha mpaka nashindwa kula. Usiwasikilize. Yule mwanamke hachukui mtoto wa mtu. Akikuuliza, simama hapo hapo juu ya maji, fungua fundo, mtazame mtoto usoni. Mvua imloweshe. Atalia. Mwache alie.