Goti la Shangazi Lililobaki Nje ya Maji

Hasira yangu inaanzia kwenye goti, kwa hiyo nami nitaanzia hapo.

Goti la kulia la shangazi yangu halinyooki. Zamani, nilipokuwa mdogo, alianguka kutoka kwenye baiskeli ya abiria pale mpakani Busia akiwa amekumbatia gunia la dagaa. Dagaa walipona wote. Goti ndilo lililovunjika. Mganga wa mifupa wa kule Lumino akalifunga kwa vijiti na matambara, likapona likiwa limejikunja, na mpaka leo limekataa kunyooka hata kwa maombi ya kufunga. Akilala chali linasimama wima kama mwamba wa Tororo. Siku isiyo na vumbi unaweza kuliona ukiwa Malaba.

Huyo ndiye aliyenilea. Ndiye aliyenisukuma niingie shule ya usiku nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, nikakaa dawati moja na kinyozi wangu, tukinakiliana majibu. Kila Kiswahili kizuri utakachokiona humu ni jasho lake. Kibaya ni changu.

Sasa, kanisa letu ni la Kibatisti, lipo kwenye barabara ya kwenda Dabani. Waumini wengine wanavuka kutoka upande wa Kenya kila Jumapili na Biblia kwapani. Sisi Wabatisti hatunyunyizi. Mtu anazamishwa mwili mzima kama anavyozikwa, halafu anainuliwa kama anavyofufuka. Na asiyezamishwa hali Meza ya Bwana. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi sahani ya mkate inapita safu kwa safu, na ikimfikia yeye inamruka.

Shangazi alirukwa na sahani hiyo kwa miaka mingi kuliko umri wa mchungaji wetu. Sababu ilikuwa soko. Jumapili ndiyo siku ambayo dagaa walikuwa wakinunuliwa, akawa anauza mpaka saa nne, ndipo anakimbilia kanisani na harufu yake, na darasa la ubatizo halikumkubali mtu anayeuza siku ya Bwana. Hakugombana nao. Siku moja tu, tukirudi nyumbani, aliniambia, "Ule mkate ukipita nasikia harufu yake. Kumbe mkate na harufu yake vinaweza kumpita mtu hivyo."

Alipozeeka akaliacha soko. Akaingia darasa la ubatizo pamoja na watoto wa shule, akayajibu maswali yote, na mengine akayauliza mwenyewe mpaka mchungaji akasema muda umekwisha. Shemasi mkuu akasimama kwenye matangazo, akasoma: ubatizo ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, wiki inayofuata ni Meza ya Bwana, na baada ya hapo tutapokea kongamano la akina mama kutoka Tororo, kwa hiyo usafi, kwaya, na nguzo za lango zipigwe lipu kabla wageni hawajafika.

Nguzo za lango. Mzikumbuke hizo.

Birika letu la ubatizo limejengwa kwa saruji chini ya mimbari, limefunikwa kwa mbao. Kulijaza si mchezo, hasa kiangazi kama kile, ambapo pampu ya kijiji inakohoa kama mzee wa tumbaku kabla ya kutoa tone. Wiki nzima akina mama walichota. Jerikani kichwani, mtoto mgongoni, kuinama, kumimina, kurudi. Nikisema zilikuwa jerikani elfu tano utaniambia naongeza chumvi. Haya, toa unazotaka, lakini shingo zile hukuzikanda wewe. Shangazi hakuweza kubeba na goti lile. Alikaa kwenye pampu akiwashikia foleni na kuwatetea kwa ulimi, na ulimi wa muuza dagaa wa mpakani unajulikana.

Jumamosi mchana birika lilikuwa limejaa, likafunikwa.

Jumapili asubuhi mama mmoja, jirani yetu mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mpaka, akainua ubao achungulie. Halafu akaita, "Banange, jamani! Maji yamekwenda wapi?"

Yalikuwa yamebaki ya kufika magotini.

Tulizunguka jengo tukitafuta ufa. Ufa hakuna. Tulichokuta ni ndoo za mafundi, zimekaukiwa na saruji, na nguzo mbili za lango zimepigwa lipu jipya, laini kama shavu la bibi harusi, bado zinatiririka kwa kumwagiwa maji zisipasuke.

Shemasi mkuu alikuja akifuta miwani. Ndiye anayesoma matangazo, ndiye anayesimamia ujenzi, ndiye anayegawa sahani ya mkate. Kanisa letu kama angeweza kulitia kwenye mfuko wa koti, angetembea nalo.

"Maji ya Bwana yamefanya kazi ya Bwana," akasema. "Mafundi walikuwa hapa jana jioni. Ningewaambia warudi lini?"

"Na sisi tulikuwa wa nani, Shemasi?" yule mama akamuuliza. "Punda wa Bwana?"

"Mama, tusianze Jumapili kwa maneno."

Mimi ni mtu wa kucheka. Wanaonijua watakuambia nilicheka hata kwenye msiba wa mguu wangu mwenyewe, pikipiki iliponikanyaga. Asubuhi ile kicheko kilinikauka kama zile ndoo. Mtu hakuuliza, hakuomba, hakutuma hata salamu. Alifunua, akachota shingo za wanawake, akazipaka kwenye nguzo.

Ibada ikaanza. Watoto wa shule walibatizwa kwanza. Wafupi hao, wakilazwa wanafunikwa. Ikafika zamu ya shangazi. Alishuka kwa kukalia ngazi, moja moja, kanzu nyeupe imemvimba kama kipepeo. Mchungaji wetu ni kijana mzuri lakini mwoga. Akapiga magoti majini, akamlaza shangazi polepole kama mtu anayemlaza mgonjwa kitandani. Kichwa kikazama. Kifua kikazama. Mikono ikazama. Aliinuka akitweta, maji yanamtoka puani, kanisa zima likapiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakajibu. Mimi nililia. Sikuona kingine.

Shemasi mkuu aliona.

Siku ya Jumatano alikuja nyumbani kwa shangazi, Dabani, akiwa na mchungaji nyuma yake. Tukawapa viti, nikawaletea chai. Akainywa yote kwanza.

"Mama," akasema, "kuna jambo dogo. Jumapili, ulipolazwa, goti lilibaki nje."

"Goti gani?"

"Hilo. Halikugusa maji. Sisi imani yetu ni mwili mzima. Kwa hiyo baraza la mashemasi limeona usubiri. Mvua zikirudi, birika likijaa vizuri, utabatizwa tena pamoja na wengine."

"Na Meza ya Jumapili hii?"

Shemasi akalitazama jani la chai chini ya kikombe. "Itabidi usubiri na hiyo."

Shangazi hakupandisha sauti. Alilishika lile goti kwa mikono miwili, kama mtu anayemziba mtoto masikio asisikie.

"Shemasi, mimi nilizikwa. Nilikunywa maji nikaona kifo. Sasa wewe unasema nizikwe tena. Mtu anafufuka mara ngapi? Hata Bwana mwenyewe alifufuka mara moja."

"Mama, ni taratibu."

Hapo ndipo nilipofunguka. "Taratibu!" nikasema. "Shemasi, maji yaliyopungua yako wapi? Yako langoni! Zile nguzo zako zimezama mwili mzima, hazikubakiza hata kisigino. Basi Jumapili zipelekeeni mkate!"

"Kijana, heshima."

"Mimi si kijana, nina mvi kwapani! Pasta, wewe ndiye uliyembatiza. Sema. Umebatiza mtu au hukubatiza?"

Mchungaji akafungua mdomo, akamwangalia shemasi, akaufunga. Nimeona kuku wakikaguliwa pale mpakani waliokuwa na ujasiri kuliko ule.

Walipoondoka nilipiga teke ndoo tupu, ikaenda mpaka kwenye mihogo. Shangazi akaniambia niifuate, ndoo haikuniudhi. Jua lilipotua akasema neno moja tu, kwa Kisamia, ambalo sitaliandika kwa sababu huenda watoto wa darasa la ubatizo wakalisoma.

Nilidhani Jumapili hatakwenda. Alikuwa wa kwanza kuamka. Akavaa ile kanzu yake nyeupe, akakaa safu ya mbele ya akina mama, goti limemtangulia. Nami nikakaa upande wa wanaume nikiwa nimeiva kwa ghadhabu. Ungeniwekea sufuria kichwani ungepika ugali.

Sahani ikaanza kupita. Shemasi mkuu alikuwa ameishika mwenyewe. Akampa wa kwanza, akampa wa pili, akafika kwa shangazi, akaurusha mkono wake kando kama dereva anayekwepa shimo analolijua, akampa yule mama jirani yetu.

Shangazi hakulia. Aliitazama sahani ikienda.

Mkate ulipowafikia wengine wote, mchungaji akasema maneno yake na kumalizia, "Twaeni, mle."

Upande wetu wa wanaume tukatafuna. Wanaume hatungoji, mimi mwenyewe nilikuwa nimemeza, Mungu anisamehe, kabla sijatazama ng'ambo. Upande wa akina mama hakuna taya lililosogea. Wote walikuwa wameshika vipande vyao mkononi, viganja juu ya mapaja, macho mbele. Kikongwe wa safu ya nyuma, ambaye husinzia tangu wimbo wa kwanza, naye yumo, macho kodo, mkate mkononi.

Mchungaji akangoja. Akarudia, "Twaeni, mle."

Bati juu likalia kwa jua.

"Akina mama, kuna nini?"

Yule mama jirani yetu akainuka, na safari hii hakuitumia sauti ya ng'ombe. "Hakuna kitu, Pasta. Tunamngoja mwenzetu. Kwetu watu hawaanzi kula mmoja akiwa hajawekewa."

"Mambo haya yalishajadiliwa," shemasi mkuu akasema.

"Yalijadiliwa na nani? Mliyajadili na aliyebeba maji?"

"Mama, kaa chini."

"Nitakaa. Lakini sitakula."

Mchungaji alisimama pale mbele akiwa amekunjakunja kitambaa cha meza kwa vidole. Nadhani alikuwa anahesabu nani atamfukuza kwanza, mashemasi au akina mama. Halafu akateremka. Akanyoosha mkono kwa shemasi mkuu, na shemasi akaing'ang'ania sahani, wakawa wameishika wote wawili kama watoto wanaogombania mpira. Shemasi akaiachia.

Mchungaji akapiga magoti mbele ya shangazi, vilevile alivyopiga majini, akasema kwa sauti ndogo, kama shangazi alivyonisimulia baadaye, "Kukhu, nilikubatiza." Kukhu kwa Kisamia ni nyanya, yaani bibi. "Ni mimi niliyekushika. Nilijua ulizama."

"Hata Jumatano ulijua," shangazi akamwambia. Akachukua mkate.

Akautafuna taratibu, na akina mama wote wakatafuna naye. Akamgeukia jirani yake, akanong'ona mnong'ono wa muuza dagaa, uliosikika mpaka langoni.

"Kumbe hauna chumvi."

Hapo ungetaka nikuambie hasira iliisha. Haikuisha. Shemasi mkuu hakuomba msamaha, si kwa goti, si kwa maji. Mchungaji aliomba msamaha wake kwa magoti, lakini kwa sauti ya kusikiwa na mtu mmoja, hali kosa lilifanyika mbele ya kanisa zima. Na zile nguzo bado zipo, nazipita kila wiki, laini, nzuri kweli, na kila nikizipita naona jerikani.

Ibada ilipokaribia mwisho shemasi mkuu alisimama na karatasi yake ya matangazo, miwani imekaa sawa, sauti ileile, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwaya ifanye mazoezi Alhamisi. Wageni wa kongamano kutoka Tororo watalala katika nyumba za waumini, kila familia ijiandae. Waliochangia kuku washukuriwe. Na kabla ya Krismasi tutakuwa na ubatizo mwingine, kwa hiyo akina mama wanaombwa waanze mapema kuchota maji.

Hata ile "amina" ya mazoea haikutoka.

Shangazi akaishika fimbo yake. Hakusimama, kusimama kwake ni safari. Alilinyoosha lile goti mbele kadiri linavyokubali, yaani halikunyooka hata kidogo, akasema akiwa amekaa:

"Wenye magoti mazima wakachote."

Na akina mama wote, safu kwa safu, wakageuza vichwa wakatutazama sisi wanaume.