Mkwe Aliyeijua G3

Akwero hakuwahi kufyatua bunduki hata siku moja, lakini angekuhukumu kwa bunduki unayoisifu. Alizaliwa kambini, akaolewa kambini, akafiwa na mume kambini, na sasa anauza chakula Makindye, mtaa wa pili kutoka lango la jeshi. Wateja wake ni askari, walinzi wa makampuni na wake zao. Askari akishashiba hazungumzii siasa, maana siasa ina masikio. Anazungumzia bunduki.

Watoto wengine walilelewa kwa hadithi za sungura na fisi. Akwero alilelewa kwa mabishano ya AK, na humo akajichumia elimu yake. Mwanamume anayeisifu AK, alisema, ameshalala kwenye matope, na mtu wa hivyo atavumilia hata ndoa. Anayesifu zile za kisasa za Waisraeli kazi yake ni kukaa nyuma ya gari la mkubwa, na atataka kupikiwa kuku kila siku. Anayezisifu zote ni mwongo. Na raia anayezijua sana, huyo mkimbie, kwa sababu kuna jambo analificha.

Hilo la mwisho hakulitoa hewani. Dada yake, Ajwang, aliolewa na muuza viatu mpole, mcheshi, ambaye siku moja aliwasahihisha askari juu ya namna ya kufungua AK. Watu walicheka. Baadaye walikuja wanaume wasiovaa sare wakamchukua akiwa bado anakunywa chai. Kumbe alikuwa mtoro wa jeshi. Hakurudi, na Ajwang akabaki na watoto na mzigo wa viatu visivyouzika. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Akwero aliumwa kwa niaba ya ukoo mzima.

Kwa hiyo unaweza kufikiri hali yake siku Adoch, binti yake wa pekee, alipomwambia kwamba amepata mchumba, na kwamba mchumba ni Mkenya.

"Anafanya nini?"

"Anauza vipuri vya mashine za kusaga unga. Anakaa Bukoto."

"Mkenya anayeuza vipuri," Akwero alirudia polepole. Kwa sauti ile ungedhani ameambiwa anauza mabomu.

Kijana alikuja Jumapili mchana. Jina lake Khisa, mrefu, shati limepigwa pasi likanyooka. Akwero alikuwa amehangaika tangu asubuhi na malakwang, mboga ile chachu ya kwao inayoungwa kwa siagi ya karanga na ufuta, na viazi vitamu pembeni. Kwao mkwe akija hulishwa mpaka afungue mkanda. Khisa alisimama mlangoni, akasalimu akitazama sakafu. Akwero alinyoosha mkono. Kijana akaurudisha wake nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari, akaenda kuketi meza ya askari, kisogo kwa jiko. Sahani ilipokuja, akasema ameshiba.

Sasa wewe niambie. Mtu anatoka Bukoto, anavuka mji mzima na foleni zake, ameitwa kula, halafu ameshiba? Akwero alirudi jikoni akamminya Adoch mkono.

"Mbona hanitazami?"

"Ni aibu tu, mama. Hata mimi mwanzoni alinionea aibu."

"Aibu haimzuii mtu kula," Akwero alisema, akaanza kumchunguza kwa upenyo wa pazia.

Mezani walikuwa Okwir na Ocira, wateja wake wa miaka mingi. Okwir ni sajini, fundi wa silaha kambini, mtu wa kuinusa bunduki kabla ya kuigusa. Ocira aliwahi kuwa askari, sasa ni mlinzi wa duka kubwa, na AK ya kampuni ilikuwa imelala mapajani mwake, mbao zake zimeparara. Walikuwa katikati ya vita vyao vya kila siku.

"Hii mzee," Ocira alisema akiipapasa, "unazika kwa matope, unatoa, unakung'uta, iko napiga."

"Iko napiga, lakini iko napiga nani?" Okwir akamjibu. "Mita mia tatu mbele, risasi yake iko natembea kama mulevi. Leta Galil ya Waisraeli. Tumbo ni ile ile ya AK, lakini iko napiga pale unatazama."

"Na uzito wake? Wewe umetembea nayo wiki moja? Na ile ingine fupi, Tavor, magazini yake imekaa huku kwa kwapa. Kubadilisha ukiwa umelala chini, banange, ni kama kujikuna mugongo."

"Ile ni ya mutu wa kwa gari. Anatoka mulangoni, tayari. Haigongi kitu."

Ndipo Khisa, ambaye hakuna aliyemwuliza, akafungua mdomo. "Kwa mbali hakuna inayofikia G3," alisema. "Hiyo risasi ni kubwa, inapita ukuta wa matope na bado ina nguvu. Lakini ni ndefu na nzito. Mtu akishakuingilia karibu, utajuta. Na maganda yake inarusha mbali sana, unayatafuta mpaka kwa jirani. Utayajua tu, yana mistari myeusi ubavuni."

Okwir aliweka kijiko chini.

"Mistari umeijulia wapi, ssebo?"

"Nyumbani," Khisa alijibu, na simu yake ikamwokoa. Alitoka nje kuipokea na hakurudi kuketi.

Okwir alimfuata Akwero jikoni. "Mama Adoch, ile mistari mutu hajui kwa sinema. Ile anajua mutu aliokota maganda kwa mukono yake."

"Nilijua," Akwero alisema, na kwa kweli moyo ulimwuma na kufurahi kwa pamoja, maana mtu mwenye shaka hupenda kuthibitishiwa hata kama ni msiba wake mwenyewe. Akamwomba Okwir amsaidie kumjua kijana huyo ni nani. Okwir akasema dawa yake ipo. Jumapili ijayo, aitwe tena.

Wiki ile Akwero hakulala vizuri. Kila Adoch alipomtaja Khisa, yeye alimwona muuza viatu na kikombe chake cha chai. Alimuuliza binti yake kama amewahi kuwaona ndugu za huyo mtu. Adoch alisema ameongea na mama yake kwa simu. "Sauti," Akwero alisema. "Sauti hata kasuku anayo." Adoch aliondoka mezani, akamwachia mama yake chai yote.

Jumapili ilifika na dawa ya Okwir ilikuwa hii: mkono wa mtu hausahau. Ukimpa raia bunduki, ataipokea kama kuni. Ukimpa askari, kabla hajajua anafanya nini ameshaelekeza mtutu pembeni, amechomoa magazini na kuchungulia chemba. Ocira alifundishwa la kufanya. Alitoa risasi zote kwanza, kwa sababu yeye ni mzembe lakini si mwendawazimu.

Khisa alikuja, akasalimu sakafu kama kawaida yake, akakaa palepale, kisogo kwa jiko. Ocira akainuka na AK yake.

"Rafiki, nishikie hii kidogo, naenda haja."

Akwero alikuwa nyuma ya pazia na mwiko mkononi. Khisa aliitazama bunduki ile. Akasimama, kiti kikaanguka. Mikono yake yote miwili akaificha nyuma, akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa mabati.

"Hapana," alisema. "Hapana, tafadhali. Iweke chini." Kisha akapita mlango wa uani karibu akimbie.

Ungefikiri hapo shaka ingekufa. Mtu hataki hata kuigusa! Lakini Okwir alitikisa kichwa kwa heshima, kama anayemkubali mpinzani hodari. "Huyu ni fundi," alisema. "Amejua ni mutego. Mutu anakataa kushika ndiye anajua kushika." Na Akwero, Mungu amsamehe, aliona maneno hayo yana akili. Angeipokea kama askari, angekuwa askari. Angeipokea kama kuni, angekuwa anaigiza. Mtu aliyeshakata shauri, ukimpa ushahidi wowote ataupindisha uelekee hukohuko.

Okwir alivuta kikombe chake. "Kesho natoa jina yake. Kuna watu kazi yao ni kuuliza. Wakiona ni safi, wataachilia."

"Lini?"

"Hiyo siwezi jua. Wewe ndiye mama. Namaliza chai, unaniambia nitoe ama nisitoe."

Akwero aliujua uzito wa neno "wataachilia". Dada yake alilisubiri miaka, akazeeka nalo. Lakini alijua pia uzito wa kuoza binti kwa mtu usiyemjua. Alisimama kati ya meza na jiko, na chai ya Okwir ilikuwa inapungua.

Adoch alitokea mlango wa uani, macho mekundu. "Mama, njoo umwulize mwenyewe. Ukishamwuliza, fanya unavyotaka. Lakini ukimtoa kwa watu bila kumwuliza, mimi si mwanao tena."

Akwero akaenda. Khisa alikuwa amesimama kando ya madumu ya maji, uso ukutani.

"Geuka nikuone," Akwero alisema.

"Mama, siwezi."

"Kwa nini? Uso wako una nini?"

"Si uso wangu, ni wako." "Sisi Wabukusu mtu hamtazami mama wa mke wake. Hamshiki mkono, hali mbele yake. Ni heshima kubwa kuliko zote. Mara ya kwanza nilikaa na njaa mpaka Bukoto, hiyo mboga ikininukia njia yote. Nilifikiri watu wote wanajua."

Akwero alimtazama Adoch. Adoch alikuwa amefunga mdomo kwa kiganja. Ni wazi naye alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza. Aibu ilimpanda Akwero toka miguuni. Lakini shaka ya miaka haifi kwa risasi moja, na kila mwizi ana desturi zake. "Na ile mistari?" aliuliza. "Maganda uliyaokota wapi?"

Khisa akauambia ukuta.

"Kwetu ni mpakani, chini ya milima ya Cherang'any. Wezi wa ng'ombe walikuwa wametuzoea. Serikali ikachagua wanaume wa kulinda kijiji, ikampa baba G3. Ilikuwa bunduki nzuri, mama. Mtu akitokea ng'ambo ya mto, baba alikuwa anamfikia. Asubuhi alitutuma watoto kuokota maganda, kwa sababu bila kurudisha maganda hapewi risasi zingine. Ya wezi yalikuwa madogo na safi. Ya baba yalikuwa na mistari. Tulikuwa tunashindana nani atapata mengi ya baba."

"Halafu?"

"Halafu mahindi yakakua. Wakapitia ndani ya mahindi na AK zao mpaka mlangoni. Huko karibu, G3 ni ndefu. Nilikuwa chini ya kitanda, nikaisikia inagonga fremu ya mlango. Baba alikuwa anajaribu kuigeuza." "Kulipokucha mama alikuwa analia, na mimi sikujua la kufanya, nikaenda kuokota maganda kama kawaida. Yalikuwa mengi. Lenye mistari halikuwepo hata moja."

Nyumba ya pili redio ilikuwa inatangaza mpira. Akwero alitaka kumshika bega, akakumbuka kwamba hilo nalo lingekuwa kosa, mkono ukabaki hewani. Alimhurumia kijana yule. Na bado, ndani kabisa, sauti ndogo ilimwambia kwamba waongo ndio wenye hadithi nzuri, na kwamba muuza viatu naye aliwahi kulia. Aliisikia sauti hiyo vizuri. Ilikuwa imemlinda maisha yake yote, na ilikuwa imeketi naye peke yake mezani tangu mumewe afe.

Akarudi ndani. Kikombe cha Okwir kilikuwa kitupu.

"Sasa? Natoa jina?"

"Hutoi. Huyo ni mkwe wangu."

"Una hakika?"

"Hakika nilikuwa nayo asubuhi, Afande." Alipakua malakwang, akajaza sahani, akapanga viazi juu yake, akaiweka mezani. "Inukeni na viti vyenu, twendeni nje. Wewe Ocira, na hiyo mzee yako. Mtu anataka kula."

Wakatoka wakinung'unika. Akwero akaweka kigoda chake mbele ya mlango, akaketi, mgongo kwa nyumba, uso barabarani. Nyuma yake akasikia mlango wa uani ukifunguliwa, kiti kikivutwa, kisha kijiko. Okwir alinyoosha shingo kuchungulia.

"Mama Adoch, na kama ni muongo?"

"Kama ni mwongo, basi ni mwongo aliyekula kwangu akashiba. Kaa chini, Afande. Usigeuke."